Kupiga Picha za Maisha ya Mtaani na Vitu Ambavyo Hakuna Anayevitazama

Eugène Atget alipofariki mwaka 1927, aliacha maelfu ya picha za Paris ambazo ndani yake hamna mfalme, hamna vita wala sherehe. Zilikuwa picha za milango na vitasa vyake, ngazi za nyumba za kupanga, vioo vya maduka, vichochoro vitupu vya alfajiri na wachuuzi waliotembeza bidhaa zao barabarani. Kwa miaka ipatayo 30 alibeba kamera kubwa ya mbao na mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24, akawauzia wachoraji, maktaba na makumbusho picha hizo kama nyaraka za kufanyia kazi, bila kudai kwamba ni sanaa. Baadhi ya majengo aliyoyapiga yalibomolewa baadaye, na anayetaka kujua yalifananaje hana budi kuziendea picha zake.

Ninaanza na Atget kwa sababu anasahihisha mapema kosa ambalo wengi wetu huanza nalo, yaani kuingia mtaani tukiwinda kioja. Mwindaji wa kioja hurudi na picha tano zinazochekesha au kushtua, kila moja ikiwa imesimama peke yake, na baada ya mwaka hakuna anayeweza kusema picha hizo zinahusu nini. Picha za kumbukumbu hupatikana kwa njia nyingine: mtu huchagua jambo dogo, hulirudia mara nyingi, na huandika anachokiona. Maelekezo yaliyo hapa chini yanafuata njia hiyo, na yanamfaa mwenye kamera ya gharama kubwa sawasawa na mwenye simu.

Kuchagua jambo

"Maisha ya mtaani" ni bahari, na anayejitosa humo bila mipaka huchoka kabla hajafika popote. Punguza mpaka ubaki na jambo linaloweza kuelezwa kwa sentensi moja: jinsi watu wanavyokaa wakisubiri basi, viti vya walinzi wa usiku, maandishi ya brashi juu ya kuta na milango ya chuma, vitu vilivyotengenezwa kwa viraka, kama kitasa kilichofungwa kwa waya au mguu wa meza ulioungwa kwa ubao wa rangi nyingine. Kadiri jambo linavyokuwa dogo ndivyo jicho linavyoanza kuona tofauti ambazo mpita njia hazioni.

Kabla ya kujifunga na jambo fulani, nashauri ujiulize maswali matatu. La kwanza ni kama unaweza kulifikia kila wiki bila safari ndefu, kwa kuwa mradi unaohitaji nauli kubwa na siku nzima hufa kimyakimya. La pili ni kama jambo hilo linaelekea kubadilika au kutoweka. Maandishi ya brashi yanapisha mabango ya plastiki, vibanda vya simu za kulipia vinang'olewa, na kazi kadhaa za mikono zinabaki na wazee tu. La tatu, ambalo watu husahau, ni kama kuna mtu mwingine anayelihifadhi. Harusi, mechi na mikutano ya hadhara vina wapigapicha wa kutosha. Kiti cha mlinzi hakina.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria, ambaye kuanzia mwaka 1968 alipiga picha za mitindo ya nywele za wanawake, mara nyingi kutoka nyuma, mbele ya ukuta usio na kitu, hata zikafikia karibu 1,000. Picha moja ya kisogo kilichosukwa vizuri ingekuwa pambo tu. Mia kadhaa zikikaa pamoja, msusi anaonekana kuwa mchongaji, na mtazamaji anaanza kutofautisha hesabu ya mistari, unene wa uzi na mahali panapoanzia msuko. Bernd na Hilla Becher wa Ujerumani walifanya jambo la aina hiyo kuanzia mwaka 1959 kwa minara ya maji, tanuri na majengo mengine ya viwanda: pembe moja ya kutazamia, umbali unaokaribiana, mbingu yenye mawingu isiyoacha vivuli vikali. Walipoifanya kila picha ifuate kanuni ileile, tofauti za vitu vyenyewe zilijitokeza zenyewe.

Ukiamua kufuata njia hiyo, jiwekee kanuni na uziandike. Amua urefu ambao lenzi itakaa kutoka ardhini, umbali kati yako na kitu, saa ya siku na ukubwa wa kitu ndani ya fremu. Shika kamera sawa bila kuiinamisha juu wala chini ili mistari ya wima isielemeane. Kitu kikiwa kirefu, rudi nyuma badala ya kuinua lenzi. Kwa kila kitu piga pia picha moja ya mbali inayoonyesha mahali kilipo, kwa maana baada ya miaka michache hata wewe hutakumbuka. Usiuhukumu mradi kabla ya kufikisha vitu 15 au 20; viwili au vitatu vya mwanzo huwa havisemi lolote, na wengi huacha hapo.

Vifaa, kwa ufupi

Kamera kuu ya simu nyingi huona eneo sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisio cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), hivyo hukulazimisha kusogea karibu na watu, na hilo ni jambo jema. Epuka kuvuta picha kwa vidole, kwani mara nyingi simu hukata tu sehemu ya picha na kuikuza. Futa lenzi kwa kitambaa kabla ya kutoka. Picha nyingi zinazosemekana kuwa na ukungu wa kuvutia zina mafuta ya vidole tu.

Mwenye kamera atosheke na lenzi moja ya milimita 35 au 50. Lenzi ndefu ya kuvutia mbali ninaikataa kwa kazi hii, ingawa najua wapo watakaonipinga. Picha iliyopigwa kutoka ng'ambo ya barabara humwonyesha mtu kama ndege aliyetazamwa kwa darubini, na mtazamaji huihisi ile hofu ya mpigapicha hata asipoweza kuitaja. Anayesimama hatua tatu kutoka kwa fundi huonekana na fundi, husikia anachosema, na picha yake hubeba dalili kwamba wawili hao walikutana.

Kwa watu wanaotembea, lenzi ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde inatosha mara nyingi. Wakikatiza mbele yako kwa karibu, panda hadi 1/500. Iache kamera ijichagulie ISO, yaani kiwango cha wepesi wake wa kuhisi mwanga. Wapigapicha wa zamani waliokuwa wakilenga kwa mkono, yaani kuzungusha lenzi mpaka kitu kionekane kikali, walikuwa na mbinu ambayo bado inafaa: kwa lenzi ya milimita 35 kwenye fremu kamili, weka tundu la lenzi f/8 na ulenge umbali wa mita 3, na kila kilicho kati ya takribani mita 2 na mita 7 kitaonekana kikali vya kutosha. Hapo huna haja ya kusubiri kamera ilenge, bali unajifunza kukadiria mita tatu kwa macho. Jizoeze na miti na nguzo kabla ya kujizoeza na watu. Jua likiwa kali, pima mwanga kwa sehemu iliyong'aa zaidi. Kwenye simu, gusa sehemu hiyo kisha telezesha kidole kupunguza mwanga. Kivuli kizito huweza kuinuliwa baadaye, lakini sehemu iliyogeuka nyeupe tupu haina tena habari yoyote ndani yake.

Kusimama mahali

Kutembea huku na huku huleta uchovu na picha za migongo. Tafuta kwanza mandharinyuma: ukuta wenye maandishi, mlango, kituo cha basi, kona ambayo mwanga unaingia kwa ubavu. Simama hapo dakika 20. Katika dakika tano za kwanza watu watakutazama, na baada ya hapo utakuwa sehemu ya mtaa kama nguzo ya taa, nao wataendelea na shughuli zao. Wakati huo kagua kingo za fremu yako: kuna mti unaochipuka kichwani mwa mtu? Kuna mkono uliokatwa nusu? Je, watu wawili wamefunikana wakawa doa moja? Mara nyingi hatua moja ya pembeni, au kupiga goti, hurekebisha kile ambacho saa nzima ya kuhariri haiwezi kurekebisha.

Unapomfuatilia mtu mmoja au kazi moja, jilazimishe kupata aina tofauti za picha. Picha ya eneo huonyesha kazi inafanyika wapi. Picha ya kitendo huonyesha mwili mzima ukifanya kazi. Kisha ije picha ya mikono na zana, picha ya uso, na picha ya kitu kinachoeleza zama, kama kalenda ukutani, tangazo, aina ya simu iliyo mezani au bei iliyoandikwa kwa chaki. Hiyo ya mwisho ndiyo inayodharauliwa na wengi, nayo ndiyo huongezeka thamani kila mwaka. Wapo wanaosogeza kando takataka na mabango ili picha iwe safi. Huo ni upangaji wa jukwaa, na unaondoa ushahidi uleule tuliouendea.

Usitazame skrini kila baada ya picha. Nimepoteza nyakati nzuri nyingi nikiwa nimeinamisha kichwa, nikijipongeza kwa picha ambayo haikustahili pongezi.

Watu walio ndani ya picha

Hapa ndipo penye uzito, na hapana kanuni moja inayotosha. Kati ya mwaka 1938 na 1941, Walker Evans alipiga picha za abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kwa kamera aliyoificha ndani ya koti, na zilitoka kama kitabu mwaka 1966 tu, zaidi ya miaka 20 baadaye. Nyuso zile ni za ajabu kwa utulivu wake, na hakuna aliyeulizwa. Mimi nisingefanya hivyo leo, ambapo uso wa mtu huweza kusambaa duniani kabla hajashuka kituo kinachofuata.

Mfano mwingine unaumiza zaidi. Mwezi Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama aliyekaa na watoto wake katika kambi ya wavuna mazao. Picha ikawa miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani, lakini jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa umma mpaka mwaka 1978, alipotambuliwa na mwandishi wa gazeti na kulalamika kwamba hakuulizwa jina na hakupata chochote. Lange alikuwa akiifanyia kazi serikali, na picha ile ilisaidia kuamsha misaada kwa kambi hiyo. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na mpigapicha wa kumbukumbu hana budi kuyabeba yote mawili. Kuuliza jina huchukua sekunde chache.

Kwa hiyo anza na salamu, na kamera ionekane mkononi tangu mwanzo. Eleza unachokusanya kwa maneno ya kawaida: "Ninakusanya picha za mafundi wanaotengeneza vitu vilivyoharibika, ningependa kukupiga ukiwa kazini, ukiridhia." Sentensi ya namna hiyo hufungua milango kuliko maelezo marefu kuhusu sanaa. Mtu akikubali, kwa kawaida hunyooka, hurekebisha kola na kutazama lenzi. Mpige hivyo, kwa heshima, kwani hiyo ndiyo sura aliyoichagua mwenyewe. Kisha kaa. Baada ya robo saa atarudi kwenye kazi yake, na hapo utapata picha ya pili bila kumwibia.

Pale ambapo kuuliza kwanza kungevunja tukio, kama watu wawili wanaocheka kituoni, waweza kupiga kisha ukaenda mara moja kuwaonyesha na kuwaomba ridhaa. Wakikataa, futa picha mbele yao. Sitaki kubishana hapa kama sheria inakuruhusu kubaki nayo. Mtaa ambao utaurudia kwa miaka hauwezi kujengwa juu ya ushindi wa namna hiyo.

Yako mambo ambayo sipigi hata kwa ridhaa: aliyelala barabarani, aliyelewa, mgonjwa, au mtu aliyepatwa na msiba muda huohuo, kwa maana ridhaa ya aliye katika hali hiyo si ridhaa kamili. Kwa watoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi, na hata akitoa, acha nje ya fremu nembo ya shule na chochote kinachoonyesha mtoto anapatikana wapi. Sheria nazo hutofautiana: baadhi ya nchi humlinda mtu dhidi ya kuchapishwa kwa sura yake hata akiwa hadharani, na nyingi hukataza kupiga picha kambi za jeshi, mipaka na majengo fulani ya serikali. Zisome kabla ya kutoka, maana askari aliyekusimamisha si mwalimu mzuri wa sheria.

Daftari

Lewis Hine, aliyeanza kuifanyia kazi Kamati ya Kitaifa ya Ajira ya Watoto ya Marekani, iliyopinga kuajiriwa kwa watoto, mwaka 1908, aliingia viwandani akiwa na kamera na daftari. Aliandika majina ya watoto, umri wao na kazi waliyopewa, mara nyingine akiandika kwa siri mkono ukiwa mfukoni, na alikadiria kimo cha mtoto kwa kumlinganisha na vifungo vya nguo yake mwenyewe, ambavyo alijua viko urefu gani kutoka sakafuni. Picha zake zilikuwa na nguvu, lakini yaliyofanya wenye viwanda washindwe kuzikanusha kwa urahisi ni yale maandishi.

Andika siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Kwa kila picha inayoelekea kubaki, weka nani, wapi, lini, anafanya nini, na jambo moja ambalo picha yenyewe haiwezi kulionyesha: sauti, harufu, alichosema, kilichotokea dakika moja kabla. Maelezo kama "Maisha magumu" au "Tabasamu la matumaini" ni hukumu ya mpigapicha, na hayana taarifa hata moja. Linganisha na haya: "Fundi anashona soli kwa uzi wa nailoni alioufumua kutoka kwenye gunia. Meza yake ni mlango wa kabati uliolazwa juu ya matofali. Saa mbili asubuhi, mvua imekatika punde." Msomaji wa miaka 40 ijayo ataweza kuuliza maswali juu ya maelezo hayo ya pili, juu ya yale ya kwanza hana la kuuliza.

Programu nyingi za kupangia picha zinaruhusu maelezo kuandikwa ndani ya faili lenyewe, ili picha na maneno yake visitengane. Ndani ya faili hilohilo simu huweza kuwa imeandika pia mahali halisi ulipopigia, kwa vipimo vya ramani. Hilo lihifadhi katika nakala yako ya asili, lakini liondoe kabla ya kuchapisha mtandaoni ikiwa picha inaonyesha makazi ya mtu au mahali anapofanyia kazi peke yake usiku.

Kuteua na kuhifadhi

Vivian Maier, aliyefanya kazi ya yaya mjini Chicago na kwingineko, alipiga zaidi ya picha 100,000 na karibu hakumwonyesha mtu. Mwaka 2007 masanduku yake yaliuzwa kwenye mnada, naye akafariki mwaka 2009. Filamu nyingi hazikuwa hata zimesafishwa. Tunachokijua leo kama kazi yake kiliteuliwa na watu ambao hawakuwahi kukutana naye. Asiyeteua mwenyewe huwaachia wengine kumteulia, na mara nyingi wengine huchagua kilicho kizuri kuliko kilicho cha kweli.

Subiri wiki kadhaa kabla ya kuteua, ili furaha ya siku ya kupiga ipungue. Chapisha picha ndogo za sentimita 10 kwa 15, zitandaze mezani, na umwombe mtu asiyeujua mradi aseme anachokiona bila wewe kumweleza. Atakapoeleza jambo ambalo wewe hukulikusudia, usimkatize. Ondoa zinazorudia habari ileile hata kama zote ni nzuri, mpaka ubaki na 12 hadi 20. Kurekebisha mwanga, kunyoosha mstari ulioinama na kukata ukingo kidogo ni halali. Kufuta waya, mtu au takataka si halali, na vilevile zile zana za simu zinazofuta kwa kugusa tu. Kuhusu kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, mimi huwa mgumu kukubali. Rangi ya mlango na ya bango ni taarifa, na mara nyingi tunaiondoa ili picha dhaifu ionekane kuwa na hekima.

Weka nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa katika nyumba nyingine. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi na siku, ndipo yafuate maneno mawili ya mahali.

Kisha rudi mtaani na picha zilizochapishwa, umpe kila mtu ya kwake. Mwachie muda aitazame, na umsomee maelezo uliyoyaandika. Fundi atakwambia kwamba uzi ule hakuutoa kwenye gunia, bali kwenye wavu wa zamani wa kuvulia, na kwamba ile meza haikuwa mlango wa kabati, ilikuwa mlango wa nyumba aliyozaliwa. Andika sahihisho hilo pamoja na tarehe yake chini ya maelezo ya awali, bila kuyafuta, kisha muulize kama anaruhusu upige picha ya huo mlango upande wa chini, ambao bado una bawaba.